Njeri Alivyokuja Kortini

Usiniulize kama nilikuwa nimesinzia. Nilikuwa macho kabisa, mchana peupe, katikati ya jiji la Nairobi, kikombe cha chai mkononi. Haya niliyaona mimi mwenyewe.

Siku hiyo nilimpeleka shosho yangu, yaani bibi yangu Wairimu, kortini. Wazee wa kwetu Waithaka walikuwa wameshtaki serikali ya nchi iliyotutawala, iliyoendesha kambi za mateso wakati wa vita vya uhuru, na shosho alikuwa shahidi. Alifungwa kambini akiwa mtoto mdogo, pamoja na dada yake mkubwa. Dada hakutoka. Miaka yote hiyo shosho hakuwahi kumtaja. Sisi wajukuu hata jina lake hatukulijua.

Tulipofika, akagoma. "Nirudishe nyumbani," akaniambia. "Mimi sina la kusema."

Wakili wetu akampeleka chumba cha pembeni atulie. Mimi nikabaki kwenye benchi la ukumbini.

Hapo ndipo msichana akaketi kando yangu. Ungemwona ungesema yuko sekondari. Miguu mitupu, matope mekundu hadi magotini. Nikajiuliza, matope ya wapi na mvua haijanyesha? Na walinzi wa mlangoni wamempitishaje hivyo?

"Wewe ni wa Wairimu," akasema.

"Ndiyo, ni shosho yangu. Na wewe ni nani?"

"Njeri. Mwambie yale maji nilimletea kwa kupenda kwangu. Si yeye aliyeniua. Aliyeniua ni yule wa rungu, na yule aliyemtuma."

Niamini, hivyo ndivyo alivyosema. Nikainama kuweka kikombe chini. Nilipoinua uso, hayupo. Ukumbi mrefu vile, mlango wa kutokea nje mmoja tu, angepitia wapi? Lakini matope yalikuwa pale sakafuni, mabichi.

Nikaingia kwa shosho, nikamweleza neno kwa neno. Alinitazama, machozi yakamtoka.

"Nililia kiu," akasema polepole. "Njeri akatoka kwenye foleni ya wafungwa kunichotea maji. Askari mwenye rungu akampiga mbele yangu mpaka akanyamaza. Mimi nimeishi nikijua ni kilio changu kilichomuua."

Kisha akafunga kitambaa chake kichwani vizuri, akashika mkongojo. "Twende. Leo watamsikia."

Akasimama mbele ya jaji, akataja jina la dada yake, la ofisa aliyetoa amri, na mahali walipofukia maiti. Wakili wa upande ule mwingine akamuuliza kama uzee haujamchanganya.

"Kijana wangu," shosho akamjibu, "nimesahau mengi. Hilo hapana."

Kesi ilichukua muda mrefu, lakini tulishinda. Serikali ile ilikiri mahakamani yaliyotendwa. Mahali pale pakachimbwa, Njeri na wenzake wakapatikana, tukawazika kwa maombi na nyimbo, kila mmoja na msalaba wake. Siku hizi shosho anacheka kwa sauti, jambo ambalo mama yangu anasema hakuwahi kulisikia utotoni. Mimi nikiketi kortini popote, naacha nafasi kando yangu.

Sasa wewe unayenisikiliza: kama una mzee nyumbani anayenyamaza vita vikitajwa, muulize leo, kwa upole. Na kama ni wewe uliyeamuru watu wapigwe, nchi yoyote, vita vyovyote, ukadhani mashahidi wameisha, jihadhari. Wengine wako njiani.