Mama mkwe alivyoficha sindano ya goti mpaka likajaa usaha

Wakuu, heshima zenu. Niko Lubumbashi, Kiswahili changu mtakivumilia, ila chumvi siongezi.

Mama mkwe wangu, Mama Ngalula, anauza samaki wakavu wa Pweto hapa Kamalondo. Goti lilimtesa miaka, gegedu limelika.

Siku moja akamwita infirmier wa mtaani, yaani muuguzi, akamchoma sindano ya goti kwenye kochi langu. Spiriti hakuwa nayo, akapangusa kwa kitambaa cha meza.

Nilikuwepo. Mama akaninyooshea kidole: "Mukwe, haukuona kitu."

Wakuu, goti likatulia! Jumapili akasimama kanisani, akashuhudia kwamba maombi ya pastor yamemponya. Akacheza mpaka kilemba kikadondoka. Pastor akapokea sifa bila kupepesa macho.

Siku chache baadaye goti likavimba kama papai. La moto, homa juu, kukanyaga hawezi. Mke wangu anasema hospitali, mama anasema maombi.

Alipoanza kutetemeka nikambeba mgongoni mpaka barabarani.

Kwetu mama mkwe unamsalimia kwa mbali, wakuu. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Naye huko juu: "Angalia mbele! Usiniongeleshe!"

Hospitalini pastor akatukuta. Daktari akauliza: "Mama, kuna mutu alikupiga shindano kwa ile goti?"

"Hapana, docteur. Ni maombi tu."

"Mama, kama microbe iliingia mule, mguu inaweza kuharibika. Sema kweli."

Mama akanikazia macho. Nikauangalia ule mguu.

"Alipigwa, docteur. Ku kochi yangu."

Pastor akakohoa. "Ule infirmier wa pikipiki nyekundu?" Akapandisha suruali taratibu. "Docteur, basi angalia na yangu."

Mama alicheka huku analia kwa maumivu.

Walifyonza usaha, wakaosha goti kwa ndani, wakamlaza kwa antibiotiki za mshipani. Mguu umepona, anatembea na fimbo. Goti la pastor lilikuwa salama.

Nilichojifunza: sindano ya goti ni tiba, ila ichomwe na mtaalamu, mahali safi. Goti likiwaka moto na homa juu, usingoje kesho. Na daktari usimfiche.

Aliyewahi kuoshwa goti atuambie: utaweza kupiga magoti tena? Mama ndiye anayetaka kujua. Amemtuma mke wangu aniambie niwaulize, maana mimi bado haniongeleshi.