Niliyoyaandika Pembeni mwa Kitabu

Posa ya binti yangu ilivunjwa kwa maneno yangu mwenyewe.

Sitanii. Mzee Luqmani, mshenga, alifika kwangu Chumbageni saa nne asubuhi, akakataa hata kukaa.

"Shikamoo, mzee. Mbona umesimama?"

"Marahaba. Bi Saleha, haya umeandika wewe?"

Akanigeuzia simu. Picha ya ukurasa wa kitabu. Pembeni, mwandiko wangu wa penseli: "Huyu mama ni Bi Khadija mtupu. Ukimwamkia, anatazama kwanza viatu vyako ndipo aamue kuitikia."

Bi Khadija, wa wale wenye minazi kule Mwera, ndiye mama yake Ziyad. Na Ziyad ndiye aliyekuwa amwoe Hafsa wangu mwezi ujao.

Nilichoka.

Mimi natunga riwaya. Ila starehe yangu hasa ni kusoma riwaya kuukuu za watu wa majumba makubwa. Nani kaalikwa chai, nani karukwa. Binti gani anapigiwa hesabu na mama gani. Ni mambo ya nchi za mbali, miaka mia mbili nyuma, lakini nikisoma naiona Tanga hii hii. Nacheka peke yangu kama chizi. Nikimtambua mtu, naandika jina lake pembeni.

Vitabu hivyo nilimwazimisha mtu mmoja tu. Shoga yangu wa miaka ishirini, jina lake Harusi. Kila Alhamisi baada ya alasiri tulikaa barazani kwake, tunasomeana, tunabishana nani aolewe na nani, mbavu hatuna.

Nikaenda kwake mbio, mtandio nimeuvaa ndani nje.

"Harusi, umenifanyia nini?"

Alikuwa anapanga vikombe. Hakuacha.

"Nimetuma picha. Moja tu."

"Kwa Bi Khadija? Na unajua mwanangu anaolewa kwake!"

"Najua. Ndiyo maana nikachagua hiyo."

Jamani! Huyu ndiye aliyekaa nami eda nzima, akinilisha kwa mkono wake!

Akaingia ndani, akatoka na kitabu kingine, akakifungua pale alipokunja.

"Soma. Kwa sauti, kama Alhamisi."

Mwandiko wangu tena: "Tajiri huyu mpweke ni Harusi. Ananunua marafiki kwa biriani. Siku asipopika, nani atakuja?"

Wallahi, sikumbuki hata niliandika lini.

"Miaka yote nilidhani unakuja kunitembelea," alisema. "Kumbe unakuja kunisoma."

Niliondoka nikimchukia, na bado kuna siku namchukia, kwa sababu Hafsa hakumkosea kitu.

Bi Khadija nilimwangukia, nikamwomba radhi. Alinisamehe kwa mdomo. Posa haikurudi.

Hafsa alilia siku tatu. Ya nne akaniuliza, "Mama, watu wote hawa umewaona. Mimi nilikuwa nampenda yule kijana kweli. Hilo hukuliona?"

Nimepekua vitabu vyote, ukurasa kwa ukurasa. Jina la mwanangu halimo popote.

Wenzangu mnaopenda kuwasoma watu, aliyekufungulia mlango wake hakukubali kuwa mhusika wako. Ukiona jambo juu yake, mwambie usoni. Ukishindwa, limeze.

Na ukimaliza kutazama majumba ya wenzio, tazama na aliyelala chumba cha pili.