Jina Lililomeza Ukuta

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ukungu ulipanda kutoka ziwani ukafuta barabara ya Nyamyumba, watu wakawa wanapita kama wanaelea. Nilikuwa kijana, nimesimama mbele ya ukuta mmoja uliobaki wa nyumba yetu, burashi mkononi.

Shule niliishia darasa la pili. Herufi nilifundishwa na mzee Zakaria, fundi wa vibao wa Gisenyi, nami nilipenda aina moja tu: zile nene zenye miguu. Unaziona kwenye hoteli. Tumbo kubwa, kiuno chembamba kama uzi, chini zimevaa viatu. Nilikuwa naziota zikitembea juu ya maji, polepole, bila sauti.

Bon. Wakati wa mauaji ya kimbari, Kalisti, jirani yetu, ndiye aliwaonyesha wauaji shimo alimojificha dada yangu Dafroza, wakamuua. Namtaja. Nitamtaja mpaka nizikwe. Asubuhi ile ya ukungu nilitaka kuandika "Kalisti ni muuaji", nchi yote isome. Lakini herufi nene zina ulafi, mwanangu. Jina peke yake likameza ukuta wote. Maneno mengine yakakosa pa kukaa.

Ukungu ukafunguka. Mama mmoja mwenye beseni la sambaza, visamaki vya ziwani, akasimama.

"Ee, Kalisti amefungua kabari? Bia iko baridi?"

"Mama, huyu ni muuaji!"

"Sasa mbona umemuandika muzuri hivi?"

Wachuuzi wenzake waliomfuata wakacheka. Kizuri chajiuza, wanasema, nami nilikuwa nimemuuza Kalisti bure. Mzee Zakaria alinikuta nimekaa chini nalia. Hakunipa pole.

"We kijana, umemuvalisha muuaji nguo ya harusi. Herufi ya miguu haijui kutukana. Yenyewe inasimamisha jina, basi. Na dada yako, jina lake iko wapi?"

 Sikuwa nimeliandika mahali popote.

Tukapaka chokaa. Nikaandika DAFROZA, kila herufi kwa miguu yake. Rangi ilipokauka niliona kama amesimama mlangoni, anataka kuniambia kitu, halafu anasahau. Habari ya Kalisti niliisema gacaca, mahakama ya kijiji, mbele ya majirani wote, kwa mdomo wangu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Uchungu haujaisha, nisikudanganye. Yuko hai, ananisalimia njiani, mi siitiki.

Basi wewe unayechagua herufi kwenye simu, sikiliza. Ile nene ipe neno moja unalolipenda, uliachie nafasi lipumue. Usiibebeshe hadithi ndefu, itajisonga koo. Mashtaka yaandike kwa herufi ndogo za kawaida, sentensi nzima, lisikosekane neno. Aliyekuumiza mtaje, usimpambe. Hasira hasara, lakini kunyamaza nako ni hasara, donc sema kwa kipimo.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, mwanangu, na akujalie majina ya kupenda yawe mengi kuliko ya kushtaki.