Mteja Aliyeshika Ekzosi Nyekundu

Usiponiamini sitakasirika. Hata mke wangu alidhani nimelewa, na mimi ni Msabato, pombe siijui. Lakini yalinipata mchana kweupe, kwenye gereji yangu hapa Migori, barabara ya kwenda Macalder.

Mimi ni fundi wa ekzosi, na kazi yangu iko kwenye kiganja. Naweka mkono nyuma ya bomba, nasikia moshi unavyosukuma na joto lake, najua ugonjwa. Kiganja kikiharibika, nimekwisha.

Jamaa mmoja alileta pikapu kutoka Mbita. Ilikosa nguvu mlimani, na alipoegesha, nyasi chini yake zikaanza kuungua. Nikachungulia. Ekzosi ilikuwa nyekundu kwa moto! Nyuma, moshi ulitoka kwa shida. Plagi moja ilikuwa imekufa, basi petroli isiyowaka kwenye injini ikawa inawakia ndani ya kichujio cha moshi, mpaka kikayeyuka na kuziba.

"Omera, ndugu yangu, hii lazima ipoe kwanza ndio nifungue," nikamwambia.

"Mimi sina time ya kungoja." Akainama, akashika lile bomba jekundu kwa mikono mitupu. "Fungua. Nimekushikia."

Ungekuwa wewe ungekimbia, sivyo? Mimi nilichukua spana. Nilifungua nati nikingoja harufu ya nyama kuungua. Haikuja. Nikakitoa kichujio, nikachomelea bomba jipya, nikabadilisha plagi. Gari likanguruma vizuri kabisa.

Kuagana, nilimnyooshea kifundo cha mkono, kama tufanyavyo mafundi tukiwa na oili viganjani. Akakataa.

"Nipe mkono wenyewe, fundi. Ama unaniogopa?"

Kwa aibu nikampa. Kiganja chake kilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu.

Tangu hapo kiganja changu hakisikii moto. Wenzangu wanasema nimepata bahati. Bahati gani? Jioni ile ile, mke wangu akiwa kanisani, nilimtayarishia binti yangu maji ya kuoga. Nikayapima kwa mkono huu, nikayaona baridi. Nikamsimamisha ndani ya beseni. Ule ukelele, walahi, bado nausikia.

Kwa hivyo mtu akikataa kifundo chako, mwache akuite mwoga. Nakusihi. Ningemnyima kiganja, aibu yangu ingekwisha kabla jua halijatua. Binti yangu miguu imepona, lakini nikinyoosha mkono kumshika, anakimbilia kwa mama yake.