Kosa la Kaswera

Kaswera, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, alikuwa asistanti wa fizikia katika chuo kimoja cha Goma. Maabara haikuwa na leza, basi alifanya kazi kwa kalamu. Alihesabu namna nukta ya kwantamu, kipunje cha kristali kisichoonekana kwa macho, inavyoweza kuwekwa kati ya vioo viwili ikatoa mwanga chembe moja moja, kila chembe sawa na mwenzake. Miaka mitatu ya hesabu ilijaza kaye moja, daftari aliloliandika tarehe kila ukurasa.

Msimamizi wake, Profesa Honoré, aliiazima kaye hiyo wiki mbili, akairudisha. Mwaka uliofuata hesabu zile zilitoka katika jarida la ng'ambo, kwa jina la Honoré peke yake. Kaswera alimfuata ofisini.

"Mama, weye ulikuwa unanisaidia tu kuandika," Honoré alisema bila kuinua macho.

Kaswera hakulia wala hakushitaki. Aliirudia makala ile nyumbani kwake, mtaa wa Mapendo, mpaka alipokuta mstari uliomchekesha peke yake. Kisha akangoja miezi kumi na minne, hadi siku Honoré alipoifundisha ukumbini mbele ya wageni wa Kinshasa waliokuja kumpima kwa cheo kipya. Aliinua mkono.

"Papa Profesa, hizi chembe zinafanana hata mu joto ya hii sale tuko ndani?"

"Zinafanana."

"Kristali inatikisika sababu ya joto. Ule mutikisiko uko wapi mu hesabu yako?"

Honoré alifunua karatasi, akafunua tena. Kaswera alipanda mbele, akachukua chaki na kuandika kilichokosekana. Ule usawa wa chembe ukavunjika ubaoni, wote wakitazama.

"Hii makosa ni yangu," aliwaambia wageni. "Niliifanya mu kaye yangu, nikaisahihisha wakati yeye alikuwa amekwisha kunirudishia. Kaye ni hii, tarehe ziko."

Makala iliondolewa jaridani. Honoré hakupata cheo, na wanafunzi wakaanza kunyamaza akipita.

Kwenye kitubio padri alimwomba Kaswera amsamehe Honoré. "Bado, Padri," alijibu. "Nilifurahi sana. Na sijachoka kufurahi."

Wakati wa Pasaka, mke wa Honoré alikuja kuomba radhi kwa niaba ya mumewe. Kaswera alimkaribisha, akampa chai na mkate, wakaongea habari za Butembo.

"Nimwambie nini?" mama yule aliuliza akiaga.

"Umwambie akuje mwenyewe," Kaswera alisema. "Na sitamufungulia."