Siku Mama Hakugeuka

Juzi pale sokoni Kibuye nilimwona mama mmoja askari jela, bado amevaa sare, akichagua nyanya huku mtoto wake amemshika sketi. Nikacheka peke yangu.

Mama yangu naye alikuwa askari jela hapa Kisumu. Kila asubuhi ule mlango mdogo katika lango kubwa la jela ulimmeza, halafu chuma kikalia nyuma yake: kwa! Jioni alitoka akinuka sabuni ya kipande na maharagwe. Mimi niliamini kabisa kwamba amefungwa, ila anaruhusiwa kuja kulala nyumbani.

Watoto wenzangu wa nyumba za askari waliniambia mfungwa akitoka asiangalie nyuma, la sivyo atarudi. Na Mama kila jioni aligeuka kumpungia mkono askari wa lango! Sasa si ndiyo maana kesho anarudi?

Jioni moja nikamngoja nje. Alipotoka tu nikamshika sketi, nikavuta kwa nguvu zangu zote. "Mama, usigeuke!"

"Mama Akinyi!" askari wa lango akaita. "Leo hata kwaheri hakuna?"

"Leo nimeshikwa, bwana!" Mama akajibu akicheka, macho mbele. "Na huyu askari hataki dhamana."

Tukafika mlangoni kwetu. Hakugeuka hata mara moja.

Kesho yake Mama hakwenda jela, wala siku iliyofuata. Nilizunguka nyumba zote nikitangaza kwamba nimemtoa mama yangu. Kumbe likizo yake ndiyo ilikuwa imeanza, lakini mpaka leo ushindi ule ni wangu.