Mama Swali na Barua ya Mawe

Asubuhi ile Mama Swali alimkuta mumewe, seremala, amevaa shati ndani nje.

"Mzee wangu, unaenda kanisani au unampelekea fundi mishono akague?"

Mzee akacheka, akaligeuza. Wakanywa chai. Jioni kichwa kikamuuma mama, na kesho yake hakuamka. Miezi minne sasa, na mzee bado anateleka maji ya watu wawili.

Vijana walimjua kama bibi wa benchi la mbele kanisani, basi. Hawajui jina la Mama Swali lilitoka wapi.

Zamani Wamethodisti walikutana kwa madarasa kila Jumanne: watu kumi na wawili chumba kimoja, kila mmoja anaulizwa habari za roho yake. Muulizaji alikuwa yeye. Kusoma hakujua, lakini neno likimwingia kichwani halitoki.

Jumanne moja wanawake hawakujibu. Serikali ilikuwa inachonga barabara, na msimamizi aliwabebesha mawe kwa nguvu, hata wajawazito.

"Mficha uchi hazai, dada zangu," akawaambia. "Roho inakaa kwenye mwili. Nionyesheni mabega."

Wakafunua. Mmoja alikuwa ameharibikiwa na mimba.

Akaenda moja kwa moja kwa mchungaji, mmisionari aliyekuwa akiwatetea watu kwenye magazeti ya kwao. Mchungaji akasikiliza, akaandika barua ya gazetini, akamsomea: "Baadhi ya wanawake wamelalamikia uchovu."

"Uchovu? Mimi nimesema mimba imetoka."

"Mama, tukiandika hivyo watatufungia shule."

"Watoto watasoma uani. Andika."

Alimrudisha mara tano, mpaka barua ikasema walivyosema wenyewe. Majina tu ndiyo yaliyoachwa, wasije wakaadhibiwa.

Barua ikatoka gazetini ng'ambo. Haukupita muda, mkuu wa wilaya akaja na askari wawili, akawakusanya watu kanisani.

"Barua haina jina," alisema. "Ni uzushi. Aliyesema haya asimame. Asiposimama, mchungaji ataikana hapa hapa, kwa maandishi."

Karatasi ikawekwa mezani. Mchungaji alikuwa ameahidi kutomtaja mtu. Akaishika kalamu, akainamisha kichwa.

Seremala alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Akamwona mkewe anainuka. Alitaka kumwambia kaa chini, wewe mwanamke, tuna watoto. Neno akalimeza.

Miezi minane baadaye amri ikaja, wanawake wasibebeshwe tena mawe. Wapo wanaosema ni kazi ya magazeti. Mzee habishani nao. Yeye anajua barua ilibaki hai kwa sababu mkewe alimtazama mkuu wa wilaya usoni, akasema:

"Nimesema mimi. Na mume wangu mwandike pia, yule pale nyuma anayetetemeka, maana ameogopa lakini hajaniambia nikae."